Utamu Usio na Ngano

Damari mwanangu,

Nakusikia chumba cha pili ukibishana na mama yako juu ya sanduku, kwa hiyo habari za kuulizana hali naziruka. Hali yako naijua. Ndiyo iliyonichefua wiki nzima.

Ninaandika kwa sababu mama yako ameniamuru niandike. Kasema, "Baba Damari, wewe ukifungua mdomo unapiga kelele, na mtoto akisikia kelele anaziba masikio. Andika. Karatasi haina sauti." Haya. Nimeifuta meza ya kukandia unga, nimeketi, na tayari nimeshavunja ncha ya penseli kwa hasira. Kwamba karatasi haina sauti, hayo ni maneno yake.

Mambo ya kufua, kuamka mapema, kusali, kutoazima nguo za watu, hayo mama yako amekuimbia tangu juzi na kesho atakuimbia tena mpaka basi liondoke. Siyarudii. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni lile ulilonijibu tukiwa kwenye lori, siku tuliyokuwa tunarudi kutoka harusini Njombe.

Ulikuwa umejikunja juu ya magunia, umeshika tumbo, jasho linakutoka na baridi yote ile ya kwetu. Dereva alikuwa amekwisha kuchoka kusimama ili wewe ushuke ukimbilie vichakani. Keki ya harusi! Wewe, unayejua kuliko daktari ngano inakufanya nini, ulikula keki ya harusi. Nikakuuliza kwa nini. Ukanijibu, "Baba, nilichoka kueleza." Nikameza hasira kwa kuwa watu walikuwepo. Ndipo ukaongeza la pili: "Na huko shuleni usiwaandikie, tafadhali. Nitakula kama wenzangu."

Kama wenzako! Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Hapa nyumbani ukila ngano, mimi na mama yako tunajua usiku uleule. Tunakuona unavyogeuka rangi, tunajua cha kufanya. Huko bwenini uendako, upande wa Dodoma, ni nani atakayejua? Utaanza kukonda, watasema ni homa, watakupa kwinini. Utazidi kukonda, watasema unakumbuka kwenu. Wakija kutuita, watakuwa wanatuita tuje kuchukua nini? Sitaki kuandika neno hilo kwenye karatasi. Unalijua.

Kwa hiyo soma. Usiruke mistari. Ninakujua kwa kuruka mistari.

Nianze na mimi, maana huwezi kuelewa ukali wangu bila kujua ujinga wangu. Unajua nilijifunza kuoka nikiwa boi wa jikoni kwenye shamba la Mzungu mmoja huko Njombe, miaka ya vita. Bibi mwenye nyumba alikuwa mkali, lakini alinifundisha. Kila jioni wakishakula nyama na viazi, lazima kitu kitamu kiende mezani, wenyewe wakiita pudini. Mimi nilikulia ugali wa ulezi na majani ya maboga. Kwetu ukishashiba umeshiba, unanawa mikono. Kule nikaona watu wameshiba, wanajipangusa midomo, halafu wanangojea kitu kingine kwa ajili ya utamu tu! Nikasema moyoni, kumbe haya ndiyo maisha. Siku nitakayopata mtoto, na yeye atakula kitu kitamu baada ya chakula.

Nikaacha kazi, nikaja hapa Makambako njia panda, nikajenga tanuri la matofali, nikawa nauza mikate na maandazi kwa abiria. Nikamwoa mama yako, akapanda milima yote ile kutoka Lupingu ziwani, mtu wa samaki na muhogo, akaja kuishi na mtu wa unga mweupe. Ukazaliwa wewe. Kabla hujaota meno nilikuwa nakulowekea mkate kwenye maziwa. Mama yako akitaka kukupa uji wa ulezi nilikuwa namcheka. Nikamwambia, "Mtoto wa mwoka mikate hanywi uji wa watu wa kijijini."

Basi ukaanza kunyauka. Tumbo limefura, miguu imekuwa vijiti, unaharisha mchana na usiku, nywele zimekuwa nyepesi na rangi ya kutu. Wengine wakasema minyoo. Wengine wakasema umerogwa na wauza maandazi wenzangu. Jirani mmoja akamwambia mama yako usoni kwamba maziwa yake ndiyo mabaya. Mimi dawa yangu ilikuwa moja: mkate zaidi. Kadiri ulivyokonda ndivyo nilivyokushindilia. Nilikuwa nakuamsha asubuhi na skonsi, kile kimkate cha Kizungu, ya moto yenye siagi, wewe unageuza uso, mimi nakubembeleza, nakuimbia, mpaka ufungue mdomo. Nilikuwa nakumaliza kwa mkono wangu, Damari, na najiona baba mwema kuliko wote wa njia panda.

Mama yako ndiye aliyekubeba mgongoni mpaka Ilembula kwa daktari Mzungu wa misheni. Mimi nilisema nina wateja. Daktari akamuuliza mtoto anakula nini, akamjibu. Akamuuliza baba yake anafanya kazi gani. Mama yako anasema alipomwambia, yule Mzungu alivua miwani. Kisha akamweleza kwamba huko kwao madaktari wameanza kuelewa ugonjwa wa watoto wa namna hii, kwamba ngano ndiyo inayowachubua matumbo kwa ndani, na shayiri pia, na kwamba hauna dawa ya kunywa. Dawa ni kuacha. Kuacha kabisa, si kupunguza, maisha yote.

Aliporudi kuniambia, nilicheka. Lo, nilicheka mpaka nikakaa chini! Chakula cha Wazungu wenyewe, leo Mzungu aseme kinaua watu? Nikasema daktari huyo amechoka, arudi kwao akapumzike. Nikachukua andazi kutoka kwenye kapu nikakupa palepale, kumwonyesha mama yako nani mwenye nyumba. Akakunyang'anya, akalitupia kuku. Hakupiga kelele. Akaniambia, "Sikuambii ufunge tanuri, maana ndilo linalotulisha. Lakini mimi najenga jiko langu nyuma ya nyumba, na ngano haivuki mlango ule. Na wewe usivuke na shati lako hilo la unga."

Ndiyo asili ya lile jiko la nyuma. Wewe umekua ukidhani kila nyumba ina majiko mawili na kila baba anavua shati kabla ya kumsalimu mtoto wake. Sivyo, mwanangu. Lile jiko lina chungu chake, kinu chake, jiwe lake la kusagia, mwiko wake. Na ndani ya miezi michache ulikuwa umeota mashavu. Nilikuwa nakuona ukikimbia uani na siwezi kukutazama kwa aibu.

Ungedhani nilijifunza. Hata!

Unakumbuka kile kipindi cha mashaka ulipokuwa darasa la pili, uliporudia kuugua? Ninakumbuka zaidi yako. Mvua iliingia stoo ikalowesha gunia langu la ngano, ngano ikachipua. Haifai kwa mkate tena. Mtu mwenye akili angeimwaga kwa nguruwe wa jirani. Mimi nikaona hasara. Nikawaza, si togwa yetu inatiwa kimea cha ulezi, ulezi uliochipuzwa ukakaushwa, ndicho kinachofanya uji wa mahindi ugeuke mtamu wenyewe bila sukari? Na ngano iliyochipua si kimea pia? Nikaianika, nikaisaga kwenye jiwe langu, nikaenda kuijaza kwenye kibuyu cha kimea cha mama yako, kilichokuwa kimebaki kidogo. Sikumwambia. Nilitaka aone mwenyewe kibuyu kimejaa afurahi. Neno ngano halikunijia kichwani kabisa! Kwangu mimi ngano ni unga, ni mkate, ni andazi. Togwa ni mahindi. Togwa ni chakula chetu tangu mababu, itamdhuru nani?

Na togwa ndiyo ilikuwa utamu wako. Kila ukitoka shule, kikombe. Ukaanza tena. Tumbo, mashavu yakaingia, usiku unalia. Nikasema huyu anaiba maandazi. Nikawa nayahesabu kwenye kapu. Hesabu haikukubali kwamba unaiba, nami nikasema hesabu imekosea. Nikakuita hapa, mbele ya meza hii, nikakuuliza. Ukasema, "Sijala, baba." Nikakuita mwongo. Nikakutandika. Na jioni nilipokuona umekaa mlangoni na kwikwi bado imekushika, nikaingiwa na huruma, nikaenda mwenyewe nikakumiminia kikombe kikubwa cha togwa kukubembeleza.

Mama yako ndiye aliyefika chini ya kibuyu. Akamimina kimea kwenye ungo akaniita. "Kimea changu ni chekundu. Hiki cheupe kimetoka wapi?" Nikamwambia. Akakaa chini pale pale kwenye majivu.

Sikukuomba radhi. Nilikununulia gauni la maua dukani kwa Mhindi, na nilipokuvalisha nikajidanganya kwamba yamekwisha. Gauni! Ulilivaa mpaka likakubana, na kila nikiliona roho inanisuta. Sasa nasema kwa maandishi: hukuiba. Ulisema kweli ukapigwa. Na uliponiambia ndani ya lori kwamba umechoka kueleza, ilinichoma mimi kuliko wewe, maana najua ni nani aliyekuchosha wa kwanza.

Lakini hasira zangu kwako bado ziko palepale. Usidhani nimelainika.

Baada ya kimea nilifunga safari nyingine ya kijinga. Nikaamua nitakuokea keki. Keki hasa, iliyoumuka, kama ile ya bibi wa Njombe, ila isiyo na ngano. Mimi ambaye unga ulikuwa unanitii! Nilijaribu unga wa mahindi, keki ikavunjika ilipoguswa na kisu. Nikajaribu mchele, ikatoka ngumu pembeni na mbichi katikati. Nikajaribu muhogo mtupu, ikawa ulimbo, meno yangu yakashikana. Kuku wa mama yako walinenepa mwaka ule. Unga usio wa ngano hauna mshiko, Damari. Ukiukanda haushikamani, ukiuumua hauinuki, unakutazama tu. Nilikuwa natukana jikoni mpaka mama yako anafunga dirisha watu wasisikie.

Na wewe ulikuwa umekaa kwenye kigoda pembeni, unakula muhogo wa kuchoma uliopakwa asali, umefurahi zako! Nikisema, "Ngoja, baba anakutengenezea kitu kitamu," unaniambia, "Lakini hiki ni kitamu." Sikukusikia. Nilikuwa napika kwa ajili ya kiburi changu. Nilitaka kitu kinachofanana na cha wengine, ili mtu akipita asijue kwamba binti wa mwoka mikate hali mikate. Ulikuwa na mapichi ya Njombe yaliyochemshwa na asali. Ulikuwa na ndizi mbivu za Rungwe zinazoshushwa na malori hapa njia panda, ukizichoma na maganda yake mpaka zinatoa maji. Ulikuwa na karanga za kukaanga na sukari. Ulikuwa na ulanzi, ile pombe ya mianzi, uliogemwa alfajiri, ungali mtamu haujachachuka, ambao mama yako alikuwa anakupa kikombe kidogo kwa kificho kwa sababu ya mchungaji. Utamu ulikukuta tayari. Mimi nilikuwa naikimbiza keki.

Mwishowe mama yako akanisukuma pembeni. Unga wa ulezi, muhogo kidogo ili ushike, ndizi zilizoiva mpaka zimeanza kuwa nyeusi, mayai akayapiga mpaka mkono ukamuuma, asali. Akaufunga mchanganyiko huo kwenye majani ya mgomba akauweka juu ya mvuke kwenye chungu, hata tanurini haukufika. Ukatoka mweusi, mzito, unanukia mpaka barabarani. Nilionja. Nikaonja tena. Nikasema, "Lakini ni mweusi." Yaani hilo ndilo nililopata kusema.

Ninakasirika nikikumbuka. Maana kwa sababu ya weusi ule nilianza kukuficha. Wageni wakija, kwenye meza ya mbele ninaweka mikate yangu na keki za wateja, na wewe nakunong'oneza, "Chako kiko jiko la nyuma, nenda ukale." Miaka mingapi nilifanya hivyo? Ulikuwa unainuka mezani kimya kimya, unapita mlango wa nyuma, unakula peke yako umesimama, unarudi umefuta mdomo. Nilidhani nakuhifadhi. Nilikuwa nakufundisha kwamba chakula chako ni siri na kwamba wewe mwenyewe ni jambo la kufichwa.

Ile Krismasi mama yako alipochoka na mambo yangu, unaikumbuka vizuri. Akatoka na majani yake ya mgomba, akayafungua katikati ya meza, mbele ya mwinjilisti na mkewe na watu wote, mvuke ukapanda. Mimi nikatazama chini. Watu wakaonja kwa heshima. Kisha wakaonja bila heshima. Mke wa mwinjilisti akakata kipande cha tatu, akamwuliza mama yako mapishi huku mdomo umejaa, na keki yangu nyeupe ya kupambwa imekaa pale haina mtu. Na walipomaliza, wamekimaliza chote! Ulibaki unafuta jani kwa kidole. Ulilia, mama yako akacheka mpaka machozi, mimi nikakasirika na watu wote wawili. Tangu siku hiyo mama yako husema, jikatie kwanza, halafu karibisha watu. Hilo lake ni la kweli na ninalitia sahihi. Chako kikiwa kizuri watakila, kwa hiyo usikae nyuma kwa adabu.

Sasa turudi Njombe kwenye harusi, maana bado hatujamalizana.

Nilikuona. Nilikuwa upande wa wanaume lakini nilikuona. Mama wa bibi harusi alikuja na sahani, amevaa kitambaa chake kipya, anafurahi, anagawa keki kwa mkono wake. Ni keki niliyoioka mimi! Nilikesha nayo, nikaisafirisha kwa lori nimeipakata magotini. Akakufikia. Ukasema kitu kwa sauti ya chini, hakusikia, akainama. Ukasema tena. Akacheka, akakupigapiga begani, akasema kwa sauti watu wote wakasikia, "Binti wa fundi mwenyewe akatae keki ya baba yake? Au baba katia nini humo?" Watu wakacheka. Na mimi, Damari, nilikuwa nimekaa pale. Ningeweza kusimama. Ningeweza kusema, "Mama, huyo ngano inamuumiza, muachie." Maneno machache. Lakini watu walikuwa wamegeuka kunitazama mimi, fundi wa keki, nami nikacheka pamoja nao. Ukaitazama sahani, ukanitazama, ukala.

Nilipokufokea ndani ya lori nilikuwa najifokea mwenyewe, ila wewe ndiye uliyekuwa karibu.

Sawa. Nimelisema. Sasa nakuuliza wewe, kwa hasira yote niliyo nayo: ulikuwa unamwonea aibu nani? Mama yule ulimfahamu? Hata jina la bintiye ulikuwa hulijui vizuri. Ulikubali kuharisha damu njia nzima ili mtu usiyemjua asikereke kwa muda wa kumeza mate! Huko shuleni watakuwa wengi wa namna ile, na hawatakuwa wabaya. Ndiyo shida yenyewe. Mtu mbaya ni rahisi kumkatalia. Watakuja wasichana wema wamepokea kifurushi kutoka kwao, wamekata kipande cha mkate wa sukari, wanakupa wewe wa kwanza kwa sababu wanakupenda. Mpishi atakuonea huruma atakuongezea. Mwalimu atakualika chai siku ya kipaimara na atakuwa ameoka mwenyewe. Kila mmoja atasema, kidogo tu. Kidogo tu! Neno hilo, kama ningeweza kulipiga marufuku nchi nzima, ningemwomba Bwana DC aniandikie amri.

Na usije ukadhani nakutaka uwe mtu wa kununa, unakaa kwenye karamu umekunja uso, unawahubiria watu habari za utumbo wako. Hapana. Mtu wa namna hiyo hata mimi nisingemwalika. Nataka ule vitamu, ule kwa furaha, ule mpaka ulambe vidole. Sikuhangaika miaka yote hii ili uishie kwenye ugali na maharage ukisema Mungu ashukuriwe. Mama yako amekutilia unga wa ulezi kwenye mkebe na ule mwingine wa muhogo, na ndizi ziko kila mahali wanakoishi watu. Omba chungu. Pika uani, mchana, mbele ya wote. Wakiuliza ni nini hicho cheusi, waambie waonje. Ila ujikatie kwanza.

Lakini kabla ya kupika, lazima useme. Hapo ndipo ninapokung'ang'ania. Uliniomba nisiwaandikie walimu. Mama yako anataka niandike, na barua nilishaianza kichwani, nimeipangia maneno makubwa. Sitaiandika. Nimeshindana na jambo hili siku zote hizi. Nikiandika mimi, utakuwa yule wa jiko la nyuma tena, mtoto ambaye watu wengine wananong'ona habari zake. Watakutazama kwa huruma, na wewe utachoka, na siku moja utakula tu kuwaonyesha kwamba u mzima kama wao. Habari hii ni yako. Mwenye tumbo ni wewe. Utamwambia mlezi wa bweni siku utakayofika, kabla hujafungua sanduku, na utamwambia mpishi kesho yake, na msichana wa kitanda cha jirani, na wakisahau utawaambia tena. Utachoka. Eleza umechoka hivyohivyo. Mimi pia huchoka kukanda unga, na watu wanakula.

Unaweza kuniambia, "Baba, ni rahisi kwako kusema." Si rahisi. Nilishindwa Njombe mbele ya macho yako, mtu mzima na ndevu zangu. Kwa hiyo siwezi kukupeleka huko na maneno matupu nikakaa hapa natetemeka kila posta ikifika. Nataka nisikie kwa masikio yangu.

Kesho basi la Iringa litasimama hapa njia panda kama kawaida. Sitakuja kukushika mkono. Nitaamka kukaanga kama siku zote, maana abiria wana njaa na watu hawataacha kula ngano eti Damari anasafiri. Mama yako atakupandisha, utakaa dirishani. Mimi nitapita na kapu langu, dirisha baada ya dirisha, kama muuzaji yeyote. Nikifika kwako nitasimama, nami nitakuuliza kwa sauti ileile ninayowauliza wote, "Andazi, dada? La moto hili." Jirani yako atakuwa tayari anatafuna. Usigeuze uso. Usiseme umeshiba. Usiniambie kwa sauti ya chini nikalazimika kuinama. Nataka uniambie mimi, niliyeyakaanga, mbele ya basi zima, kwamba ngano huli kwa sababu inakuumiza. Watu watacheka kidogo, waache. Nitakuuliza tena, "Hata moja, dada? Kidogo tu?" maana ndivyo watakavyokuuliza. Unijibu tena.

Halafu sitakuuliza mara ya tatu. Nitakuamini, nitapita dirisha linalofuata.

Mimi,
baba yako.